Punda mzee anayechechemea: mwongozo kamili wa kumtunza anapougua viungo

Punda wetu Kibibi alianza kwa kubaki nyuma. Njia ya kutoka lamboni hadi nyumbani kwetu, huku Sindeni wilayani Handeni, aliijua kuliko sisi watoto, na kwa miaka mingi ndiye aliyetangulia. Kisha ikawa asubuhi anatoka zizini amekakamaa kama mtu aliyelala vibaya, ananyooka baada ya hatua mia hivi, na jioni tukimshusha madumu anasimama ameutanguliza mguu wa kushoto kidogo, anaupumzisha. Tukasema ni uzee. Tukasema ni uvivu. Mwaka mzima ukapita, hadi afisa mifugo wa kata alipopita nyumbani kwa shughuli nyingine, akamshika goti, akaukunja mguu taratibu, na punda yule mpole akarusha teke.

"Mama, huyu si mvivu," alimwambia mama yangu. "Huyu anaumwa."

Tangu siku ile nimetunza punda wazee watatu wenye ugonjwa wa viungo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata, na sindano utaikuta mbali chini ya orodha kwa makusudi. Sehemu kubwa ya nafuu ya punda imo mikononi mwa anayempakia mzigo.

Kwanza, ujue kinachoharibika

Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, utando mgumu ulio laini kwa juu, na katikati kuna ute unaofanya kazi kama mafuta kwenye bawaba. Miaka ya mizigo mizito, kwato zisizokatwa na kujikwaa kwenye mawe hulila gegedu hilo. Ute hupoteza utelezi, mfuko wa kiungo huvimba, na pembeni mfupa huota vinundu. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likishalika halijijengi tena kama kidonda cha ngozi kinavyofunga. Anayekuahidi kuponya kabisa baridi yabisi ya punda wa miaka 20 anataka fedha yako. Lakini maumivu yanashuka, na punda anayetunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 30, kwa hiyo unayempigania anaweza kuwa bado ana miaka mingi ya kuishi.

Farasi huugua hivi hivi. Naandika juu ya punda kwa sababu ndio tulio nao. Mbung'o wamefanya farasi wawe adimu sana mkoani Tanga. Mwenye farasi anaweza kufuata karibu kila hatua hapa, isipokuwa hesabu ya dawa, ambayo ni tofauti.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamgusa

Punda huficha maumivu. Halii wala hajigaragazi. Ukingoja achecheme waziwazi, umechelewa miezi mingi. Kaa mbali naye alfajiri, kabla hajatolewa, umwangalie kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule? Analala muda mrefu kuliko wenzake, au hataki kulala kabisa kwa kuogopa shida ya kuinuka? Masikio yameangukia pembeni? Anatafuna polepole, au anasimama peke yake?

Kisha mwambie mtu amwongoze kwa kamba iliyolegea kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, hatua 20 kwenda na 20 kurudi, halafu amzungushe kulia na kushoto. Kama mguu wa mbele ndio mbovu, kichwa huinuka pale mguu ule unapokanyaga, na kushuka anapokanyaga ule mzima. Watu wengi hulikosea hili wakadhani kichwa hushukia upande wa maumivu. Kama ni mguu wa nyuma, simama nyuma yake uangalie nyonga: ile inayopanda na kushuka sana kuliko mwenzake ndiyo ya upande wenye tatizo. Kwenye kuzunguka utaona anayeumwa akigeuka kama ubao, hapindi mwili.

Simu yenye kamera inatosha kurekodi. Rekodi siku ya kwanza na uitunze, maana baada ya wiki sita hutakumbuka alivyokuwa.

Hatua ya 2: Mguse, na uondoe magonjwa mengine kwenye hesabu

Anza begani, shuka hadi kwato, mguu mmoja baada ya mwingine, ukilinganisha kila kiungo na mwenzake wa upande wa pili. Viungo vinavyougua mara nyingi ni goti la mbele, kifundo kilicho juu kidogo ya kwato, na kile kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma kinachochomoza kwa nyuma. Tafuta joto, uvimbe laini kama mfuko wa maji, au uvimbe mgumu wa mfupa. Kunja kiungo polepole. Pale anaponyang'anya mguu, simama hapo hapo, umeshajibiwa.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi sikuhizi nikisikia punda anapiga mateke akikunjwa mguu au akifungwa mkanda wa tumbo, nauliza kwanza wapi panamuuma.

Yapo mambo manne yanayofanana na ugonjwa wa viungo na hayapaswi kuchanganywa nao. Jipu ndani ya kwato humfanya aliyekuwa mzima jana ashindwe kabisa kukanyaga leo, kwato likiwa la moto. Ugonjwa wa kuungua kwato kwa ndani, unaowapata hasa walioshiba nafaka, humfanya aegemee nyuma na kukataa kugeuka. Ukiweka vidole pande mbili nyuma ya kifundo utahisi mshipa ukidunda kwa nguvu. Jeraha karibu na kiungo, lenye kuvuja ute wa manjano, maana yake wadudu wameingia ndani ya kiungo. Huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo, si kesho. Mwishowe nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o: punda anayekonda, mnyonge, mwenye homa za kuja na kuondoka na miguu iliyovimba, apimwe damu. Ukanda wetu una mbung'o, na jiji la Tanga ndiko walikozalishwa mbung'o madume waliotiwa utasa na kumwagwa Unguja miaka ya 1994 hadi 1997 mpaka kisiwa kikasafika. Bara bado tuko nao. Usimdunge dawa ya nagana mwenyewe kwa kubahatisha, kwa sababu kwa punda kipimo kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru.

Hatua ya 3: Punguza mzigo

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo penye tiba.

Dumu moja la lita 20 lina kilo 20. Sisi tulimpakia Kibibi manne, kama kila mtu kijijini. Hizo ni kilo 80, bila uzito wa madumu yenyewe. Punda wa kwetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Tulikuwa tunampakia zaidi ya nusu ya mwili wake, mara mbili kwa siku, kwenye njia yenye mteremko. Punda mzima mwenye afya abebe kama theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili kwa punda wa kilo 130. Mwenye ugonjwa wa viungo, katika wiki za kwanza asibebe kitu. Akishapata nafuu, madumu mawili ya lita 10, moja kila upande, mara moja kwa siku, na siku mbili za wiki apumzike.

Najua unachouliza: maji yatafika vipi? Mama aliuliza hivyo hivyo, na hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto sita na lambo liko mbali. Tulikaa na jirani mwenye punda wawili vijana, tukakubaliana awe anatuletea madumu manne kila siku ya pili, na sisi tukamlimia kipande chake cha mahindi. Baadaye tukanunua punda mtamba. Wengine wamefanikiwa kwa mkokoteni wa magurudumu ya mpira, kwa sababu punda huvuta kirahisi kuliko anavyobeba, mradi mzigo upangwe juu ya ekseli usilalie shingo yake. Lakini mkokoteni ni wa njia ya tambarare. Kwenye mteremko unamsukuma kwa nyuma na magoti ya mbele yanalipa.

Angalia pia matandiko. Soji, ule mto wa mgongoni, uwe mnene, umejazwa nyasi kavu ndani ya gunia la mkonge lililofuliwa, na uache uwazi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Shogi, yaani mifuko ya mzigo ya ubavuni, au madumu yaning'inie sawa pande zote. Punda anayebeba lita 20 kushoto na 10 kulia anatembea amepinda, na viungo vya upande mmoja vinaumia zaidi.

Na kamba za miguuni ziachwe. Kumfunga punda miguu ya mbele pamoja kwa kamba ya mkonge ili asiende mbali kunamlazimisha arukeruke, kila mruko ukitua kwenye viungo vile vile vibovu. Mfungie kamba ndefu shingoni, au mwache na mwenzake ambaye hazururi.

Hatua ya 4: Kwato

Kwato likiachwa likakua mbele kama ncha ya kubazi, kila hatua inakuwa kama kuvunja kijiti kwenye kifundo. Nimeona punda akipata nusu ya nafuu yake kwa kukatwa kwato tu. Zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Ukimtazama kwa pembeni, mstari wa mbele wa kwato na mstari wa mfupa ulio juu yake vinyooke kama rula moja. Kwato la punda husimama wima kuliko la farasi, kwa hiyo anayezoea farasi asije akalilaza.

Kama hujawahi kukata, usijifunzie kwa mgonjwa. Mwite anayejua, na msimamie. Mguu usiinuliwe juu wala kuvutwa nje. Uinuliwe kidogo, chini ya mwili wake, sekunde 30, ushushwe, apumzike, uinuliwe tena. Asimame mahali laini, na miguu ya mbele ifanywe leo, ya nyuma kesho. Kwato refu sana lirudishwe kwa tupa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kulikata lote siku moja kunabadilisha ghafla namna viungo vinavyobeba uzito, na atachechemea vibaya zaidi.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala na kutembea

Punda mwenye viungo vibovu akilala kwenye udongo mgumu hupata vidonda, na akikaa kwenye tope la masika viungo hukakamaa. Mtengenezee kona moja ya zizi iliyoinuliwa, yenye paa na upande mmoja uliozibwa dhidi ya upepo, na mtandikie nyasi kavu au maranda ya mbao kina cha sentimita 15 au zaidi. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, ndizo mbaya kwake. Mwache jua lipande kidogo ndipo atoke.

Lakini asifungiwe. Kiungo kisichosogea hukauka. Mtembeze mara mbili kwa siku, dakika 10 hadi 15 mwanzoni, kwenye njia ya tambarare isiyo na mawe, bila mzigo, kisha mwache achunge na mwenzake. Hili la mwenzake usilipuuze. Punda wawili waliozoeana hawatenganishwi bila madhara, na aliyetengwa huacha kula.

Hatua ya 6: Chakula

Huku kwetu shida ya kiangazi ni kukonda, ingawa nimeona mjini Tanga punda wa kufugwa nyumbani walionenepa hadi shingo inalala. Mnene anaumiza viungo vyake kila saa. Apunguzwe, lakini polepole, kwa wiki nyingi, kwa kumwongezea nyasi kavu ngumu na kumwondolea pumba. Usimshindishe njaa kamwe. Punda asipokula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Hali hiyo huua. Punda aliyekataa chakula siku nzima ni wa kuitiwa daktari.

Punda wa kilo 130 anahitaji kama kilo 2 za malisho makavu kwa siku. Mabua ya mahindi na nyasi kavu vinafaa, visiwe na ukungu. Pumba ni kidogo tu, konzi mbili za kubebea dawa. Pumba nyingi ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo, na mwili huchota chokaa hiyo kutoka kwenye mifupa. Majani ya lusina wanayolishwa mbuzi yaachwe, kwa sababu humnyonyoa singa na mkia. Na ukikuta chini mabunda ya nyasi zilizotafunwa nusu, meno yake yamechongoka; mwombe daktari ayasawazishe na wewe umkatie malisho mafupi na kuyalowesha.

Maji safi muda wote. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnyama anayebeba maji ndiye mara nyingi anayenyweshwa mwisho.

Hatua ya 7: Dawa za maumivu

Dawa hizi ziandikwe na daktari wa mifugo. Ninaeleza hesabu ili uweze kumuuliza maswali, kwa sababu madaktari wengi huona ng'ombe mia kabla ya kuona punda mmoja.

Inayotumika zaidi kwa jamii ya farasi ni fenilibutazoni. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2.2 kwa kila kilo ya mwili. Punda wa kilo 130 atahitaji miligramu 286 kwa mara moja. Ukinunua pakiti ya unga yenye gramu 1 iliyokusudiwa farasi, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kipimo chake. Mwili wa punda huitoa dawa hii haraka kuliko wa farasi, ndiyo maana punda hupewa asubuhi na jioni, na si mara moja kwa siku. Fluniksini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo, nayo huisha haraka. Meloksikamu huondoka upesi mno kiasi kwamba kwa punda haimfai sana, ilhali kaprofeni hukaa muda mrefu na hutolewa mara moja tu kwa siku. Kwa hiyo daktari akikwambia "mpe kama farasi", muulize tena kwa adabu.

Mpe dawa pamoja na chakula, na hakikisha anakunywa maji, maana punda aliyekaukiwa maji huharibika figo. Anza na siku 5 hadi 7 kama jaribio. Akitembea vizuri zaidi, umethibitisha kwamba ni maumivu. Kisha shusha hadi kiasi kidogo kabisa kinachomfaa, au uitunze kwa siku mbaya. Ukiona anaharisha, vidonda mdomoni, uvimbe chini ya tumbo, au amezubaa na kuacha kula, simamisha siku hiyo na umpigie daktari.

Makatazo ni haya. Usichanganye dawa mbili za jamii hii, wala mojawapo na dexa, yaani deksamethasoni. Tumbo litatoboka vidonda. Sindano ya fenilibutazoni huingia kwenye mshipa wa damu tu, kwa mkono wa daktari. Ikimwagika kwenye nyama inaiozesha. Diklofenaki ya watu au ya ng'ombe usimpe. Hiyo ina madhara ya ziada: tai wakila mzoga wenye diklofenaki hufa kwa figo. Na punda aliyepewa fenilibutazoni haliwi na mtu yeyote.

Zipo sindano za ndani ya kiungo, na daktari mwenye vifaa safi anaweza kumpa nafuu ya miezi. Zizini penye vumbi sizipendekezi, kwa sababu wadudu wakiingia kwenye kiungo umempoteza. Unga wa glukosamini na manjano watu wananiuliza sana. Ushahidi wake ni dhaifu; fedha hiyo nunulia nyasi.

Hatua ya 8: Kukanda

Kiungo kilichokakamaa asubuhi kikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwenye kiwiko chako, dakika 15, kisha mchue kwa mafuta ya nazi ukipanda kuelekea moyoni, na umtembeze. Kiungo kilichovimba ghafla na kina joto ni kinyume chake: maji baridi, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Dawa za kuchua zenye pilipili usizifunike na bandeji, huunguza ngozi.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Kabla afisa mifugo hajaja, mtu mmoja aliyesifika kwa kutibu mifugo alimchoma Kibibi goti kwa chuma cha moto, mistari mitatu, nasi tukamshika asiruke. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilishika sikio. Kuchoma hakurudishi gegedu. Kunaongeza kidonda juu ya maumivu, na punda hushambuliwa kwa urahisi na pepopunda kupitia vidonda vya namna hiyo. Ukiambiwa umchome wako, kataa.

Hatua ya 9: Andika

Daftari la shule linatosha. Kila jioni andika mistari miwili: ametembeaje, amekula nini, amepewa dawa gani, amelala na kuinuka mwenyewe au la. Baada ya wiki sita rekodi tena video na ulinganishe na ya kwanza. Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba Kibibi anazidiwa kila baada ya mvua ya kwanza ya vuli, nasi tukaanza kumpa dawa siku hizo tu.

Siku ya mwisho

Aliishi miaka minne baada ya lile teke. Halafu daftari likaanza kuandika "ameinuliwa" mara mbili kwa wiki, kisha kila siku. Punda asiyeinuka bila msaada, asiyefuata mwenzake malishoni, ambaye dawa haimpi nafuu tena, amekwambia. Usimwachie njia ajifie, wala usimuuze kwa wanaotafuta ngozi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha azimio la kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na hata lisingekuwepo, safari ya mwisho ya kubanwa kwenye lori si ya mnyama mwenye magoti yale. Mwite daktari amlaze kwa sindano, nyumbani, mahali anapopajua. Chimba shimo mapema, refu, ili mbwa na tai wasiufikie mwili wenye dawa.

Mwenzake awepo. Msimwondoe wala msifukie haraka. Mwacheni amnuse, asimame naye, hata saa kadhaa, hadi aondoke mwenyewe. Yule mtamba wetu alisimama hadi adhuhuri. Siku tatu zilizofuata nilimpelekea nyasi mkononi na kuhesabu alichokula, kwa kuwa hizo ndizo siku ambazo aliyebaki naye anaweza kuacha chakula.